Nimefaulu mtihani wa uhasibu wa ATEC II, wateja wadogo wamekuja, lakini mkono unatetemeka. Mliotangulia mlianzaje?

#1 LejaMpya (Morogoro)

Habari za jioni wakuu. Naomba niwe wazi ili nisaidike.

Nimemaliza ATEC II ya NBAA, bodi ya wahasibu, matokeo yalitoka vizuri, nyumbani walichinja kuku. Kabla ya hapo nilikuwa muuzaji kwenye duka la shangazi pale Kihonda kwa miaka mitatu, kwa hiyo biashara ya rejareja naifahamu. Baada ya matokeo shangazi akanitangaza mtaa mzima, na sasa nina watu watatu waliosema njoo utuwekee vitabu: mama mwenye saluni, kijana mwenye duka la vifaa vya ujenzi, na bwana mmoja mwenye duka la dawa.

Darasani nilikuwa vizuri. Nikipewa swali la mtihani, urari wangu unakubali, debiti na krediti zinalingana. Lakini mtihani unakupa namba zilizokwisha kupangwa. Huyu wa vifaa vya ujenzi kanipa kiroba cha risiti, vikaratasi vya "fundi kachukua 40,000", daftari la mikopo lililolowa mvua, na simu mbili, moja ya M-Pesa na nyingine ya Airtel Money. Jana nimekaa na kile kiroba mpaka saa sita usiku, nikakifunga tena kamba bila kuandika mstari hata mmoja.

Kinachonitisha ni kwamba nikikosea mimi, anayelipa ni mtu mwingine. Juzi mama wa saluni aliniuliza kama kuna chochote anachotakiwa kukata kwenye pango la fremu ya saluni yake. Nikamjibu "nadhani hapana." Tangu siku hiyo sijalala vizuri, maana sikuwa na uhakika, nilijibu tu ili nisionekane sijui.

Mliotangulia, mlianzaje? Woga wenu uliisha lini, na ulimalizwa na nini?

#2 StooKuu (Dodoma)

Hongera kwanza. Ushauri wangu utauma kidogo: waache hao wateja kwa sasa. Tafuta nafasi kwenye ofisi ya wakaguzi, hata kwa posho ya nauli, kaa miaka miwili ndipo utoke.

Nasema hivyo kwa sababu mimi niliruka hatua hiyo. Mwaka wangu wa kwanza nilimwandalia mteja ritani (taarifa ya kodi) ya VAT, kodi ya ongezeko la thamani, nikakokotoa asilimia 18 juu ya bei ambayo VAT ilishakuwa ndani yake. Mauzo ya 1,180,000 nikaandika VAT 212,400. Ilitakiwa iwe 180,000, unazidisha kwa 18 na kugawa kwa 118. Nilifanya hivyo kwa mwezi mzima wa risiti. Mteja aligundua mwenyewe baada ya kumwonyesha ndugu yake. Nilimpoteza yeye na marafiki zake wawili aliokuwa ameniletea. Ofisini kungekuwa na mtu wa kuniambia "rudia hapa" kabla karatasi haijatoka mlangoni.

#3 MizaniYaKariakoo (Dar)

Mdogo wangu hongera sana. Na StooKuu pole, hilo la 18 kwa 118 limewaumiza wengi.

Nakubaliana na StooKuu nusu. Kilichomponza ni kukosa jicho la pili, na jicho la pili halipatikani kwenye ajira peke yake. Nina miaka 17 naweka vitabu vya maduka hapa Kariakoo. Nimeona vijana waliotoka ofisi kubwa wakashindwa na daftari la duka la vitenge, kwa sababu kule kila mtu alishika kipande chake: huyu ankara, huyu usuluhishi wa benki (kulinganisha kitabu na taarifa ya benki), huyu mishahara. Hakuna aliyewahi kuibeba biashara nzima kutoka kwenye droo ya pesa mpaka kwenye mizania. Wewe umesimama nyuma ya kaunta miaka mitatu. Unajua kwa nini muuzaji anasahau kuandika mauzo saa kumi na mbili jioni. Usilidharau hilo.

Jicho la pili linanunuliwa. Tafuta CPA, mhasibu aliyethibitishwa, mwenye ofisi hapo hapo Morogoro, mkubaliane kwamba kila miezi mitatu utampelekea vitabu avipitie kwa malipo. Mwaka wangu wa kwanza nilimlipa mzee mmoja theluthi ya nilichokuwa napata. Ndugu zangu waliniona nachezea pesa. Mzee huyo ndiye aliyenifundisha kwamba marejesho ya mkopo si matumizi. Mteja wangu alikuwa anarejesha 500,000 kwa mwezi, ndani yake riba ni 90,000. Mimi nilikuwa naandika 500,000 yote kama matumizi, miezi minne mfululizo, na faida ikawa inaonekana ndogo kuliko ilivyo. Kumbe kinachoingia kwenye faida na hasara ni ile 90,000, na 410,000 inapunguza deni. Tulisahihisha kabla ya hesabu za mwaka, nikaenda kumweleza mteja mwenyewe kabla hajasikia kwingine, na mpaka leo ninaye.

Sasa mama wa saluni. Jibu lako halikuwa sahihi. Anayepanga fremu kwa ajili ya biashara anatakiwa kukata asilimia 10 ya pango kama kodi ya zuio, kuiwasilisha TRA, mamlaka ya mapato, ndani ya siku saba baada ya mwezi wa malipo kuisha, na mwenye nyumba apewe uthibitisho wake, kwa sababu ile kodi ni ya mwenye nyumba. Kesho asubuhi nenda. Usipige simu, nenda. Mwambie: "Mama, juzi nilikujibu bila kuthibitisha, nimethibitisha, jibu ni hili." Utaona mwenyewe atakavyokupokea.

Tuje kwenye kiroba. Ulianza na risiti, ndiyo maana ulikwama. Mfuko wa risiti hauna mwanzo wala mwisho. Chagua siku, tuseme tarehe 1 ya mwezi ujao, uwe dukani kabla hajafungua. Hesabu pesa ya kwenye droo, noti na sarafu. Simu zote mbili zifunguliwe mbele yake, uandike salio la kila moja. Chukua taarifa ya benki. Andika anaowadai na wanaomdai, jina kwa jina. Kisha stoo: saruji mifuko mingapi, nondo ngapi za kila unene, mabati mangapi, misumari kilo ngapi, kwa bei aliyonunulia. Siyo bei ya kuuzia, hapo wengi huteleza. Jumlisha alivyonavyo, toa anavyodaiwa, kilichobaki ni mtaji wake wa asubuhi ile. Hiyo ni mizania, na bado hujagusa kiroba. Kuanzia siku hiyo unaandika kwenda mbele. Ya nyuma utayarudia mwezi mmoja mmoja kwa ajili ya ritani ya mwaka, na usitupe kitu, sheria inataka nyaraka zitunzwe miaka mitano.

Nikupe na jambo ambalo litakukuta kwa huyu kijana wa vifaa vya ujenzi, nina hakika. Mwisho wa mwezi atakuja amekunja uso: "Nimenunua mzigo wa milioni 9, nimeuza milioni 8 na laki 2, nimekula hasara ya laki 8." Usibishane naye. Muulize mzigo wa tarehe 1 ulikuwa wa kiasi gani. Tuseme milioni 4. Uliopo leo? Tuseme milioni 6 na laki 7. Nne na tisa ni 13, toa 6.7, unabaki na 6.3. Huo ndio mzigo uliotoka dukani. Ameuza 8.2, kwa hiyo faida ghafi ni milioni 1 na laki 9, kabla hujatoa pango, mishahara na umeme. Pesa yake imelala kwenye mabati. Mfanyie hesabu hiyo mara moja tu, kwa namba zake mwenyewe, kwenye kaunta yake. Hatakuuliza tena una muda gani kwenye kazi.

Umeuliza woga uliisha lini. Wangu ulianza kupungua jioni niliyofunga mwezi wa kwanza wa duka moja na pesa ya droo, salio la benki na kitabu vikakutana mpaka shilingi ya mwisho. Siku ile nilikuwa na kitu mkononi ambacho hata mwenye duka hakuwa nacho. Vitabu vyako vikishakubali, mtu akikuuliza swali humjibu kwa kumbukumbu ya darasani. Unafungua ukurasa.

#4 LejaMpya

Shikamoo dada Mizani. Nimesoma mara tatu.

Nimetoka kwa mama wa saluni sasa hivi. Niliogopa sana njiani, nikapita duka lake mara moja, nikarudi. Nilipomwambia akanyamaza, kisha akasema, "Bora umekuja leo, Ijumaa nilikuwa nampelekea mwenye nyumba ya miezi sita." Akanipa kiti. Kabla sijaondoka akaniuliza kama naweza kumwekea na mahesabu ya kikoba chao.

Naomba kuuliza mawili yaliyobaki. La kwanza ni malipo. Shangazi aliwaambia "mtampa chochote", na kweli wananipa chochote. La pili ni zito zaidi: kijana wa vifaa vya ujenzi anachomoa pesa kwenye droo wakati wowote. Nikihesabu jioni, laki imeondoka. Nikimuuliza naona kama namchunguza, na yeye ni mkubwa kwangu na pesa ni yake.

#5 FremuYaMwanjelwa (Mbeya)

Nimeingia kwenye uzi huu nikiwa si mhasibu. Nauza viatu Mwanjelwa, na nimeshapita kwa watunza vitabu watatu, kwa hiyo niruhusuni niseme tunavyowaona kutoka upande wa pili wa kaunta.

Wa kwanza alikuwa anaongea sana. Kila swali lina jibu hapo hapo. Akachukua nywila yangu ya mtandao wa kodi, akaniambia nisihangaike. Nilikuja kujua kuna ritani mbili hazikupelekwa kabisa. Wa pili alikuwa mzuri ila risiti zangu zilikaa kwake miezi mitano, na alipohama mji zikahama naye.

Wa tatu ninaye mpaka sasa. Alikuja katoka chuo wiki ileile. Siku ya kwanza nilimuuliza jambo la forodha, kwa sababu kuna mzigo nilitaka kuuleta kutoka Tunduma. Akasema, "Hilo silijui. Kesho saa nne nitakuwa na jibu." Kesho yake saa nne kamili simu ikaita. Jibu lenyewe nimeshalisahau. Saa nne sijaisahau.

LejaMpya, sisi wenye maduka hatuna uwezo wa kupima kama debiti yako imekaa mahali pake. Tunapima tunavyoviona kwa macho. Umekuja siku uliyosema? Risiti zangu umezirudisha zimepangwa kwa tarehe, au ziko kama zilivyotoka? Ukikuta jambo baya unaniambia mimi, au nalisikia kwa jirani? Ukitimiza haya kwa miezi miwili, mengine tunakuvumilia.

Kuhusu pesa ya droo: niulize, lakini niulize nikiwa peke yangu. Binti huyu wa tatu alinikuta nimechukua 300,000 siku ya msiba, hakusema neno mbele ya muuzaji. Jioni akaniletea ukurasa mmoja umeandikwa juu "Pesa aliyochukua mwenyewe", mistari ipo mitupu, akasema, "Mzee, chukua unavyotaka, ila andika hapa, maana nisipoiona nitadhani muuzaji ameiba." Nikaona aibu, maana kweli wiki iliyopita nilikuwa nimemfokea yule muuzaji kwa pesa niliyochukua mwenyewe.

Na kitu kilichonifanya nianze kuthamini vitabu kabisa: nilipoanza, mwaka 2020, nilikuwa na meza tu, mauzo ya mwaka mzima yakawa milioni 6. Kwa viwango vya wakati ule mfanyabiashara mdogo wa kundi langu asiye na kumbukumbu alilipa kodi 100,000. Mwenye kumbukumbu kamili alilipa asilimia 3 ya kile kinachozidi milioni 4, yaani 60,000. Nililipa laki kwa sababu sikuwa na daftari. Elfu arobaini kwa mtu wa meza ni mtaji wa jozi kadhaa.

#6 BamburiPwani (Mombasa)

Salamu kutoka pwani ya Kenya. Huku mitihani yetu ni ya KASNEB na mambo ya kodi ni KRA, lakini hofu ya mwanzo ni ileile.

LejaMpya, kabla ya mteja wangu wa kwanza wa kulipa niliweka vitabu vya chama cha akina mama mtaani kwetu, miezi sita, bila malipo. Wanachama ishirini. Kila mmoja anaujua mchango wake mpaka shilingi, na kila mkutano unasoma hesabu ukiwa umesimama mbele yao. Mwezi wa pili mama mmoja alisema amelipa na mimi sikuwa na jina lake. Nilifungua ujumbe wa M-Pesa wa mweka hazina mbele ya wote, tukaupata, alikuwa ametuma kwa namba ya mwanawe. Nilirekebisha pale pale, nikasoma jumla mpya. Baada ya hapo kusimama mbele ya mwenye duka mmoja sikuona kazi. Kwa hiyo hicho kikoba cha mama wa saluni kikubali. Kitakukomaza.

Jambo jingine: fundisha wateja kudai karatasi wakati wa kununua, usingoje mwisho wa mwezi. Kwetu tangu Januari 2024 gharama isiyo na ankara ya eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa KRA, haikubaliki kupunguza kodi, isipokuwa zile zilizosamehewa. Mteja wangu wa mkahawa alikuwa ananunua samaki na nazi kwa mdomo tu. Nilikwenda naye sokoni asubuhi moja, tukazungumza na wauzaji wake mmoja mmoja. Kazi ile haikuwa kwenye makubaliano yetu, ila ndiyo iliyomfanya aniletee dada yake.

#7 StooKuu

Nimerudi kusoma na nabadilisha ushauri wangu. Nilisema uache wateja kwa sababu mimi niliumia. Kama unapata CPA wa kukupitia, endelea nao hao watatu. Usiongeze wa nne mpaka umewafungia hao miezi mitatu mizima.

Nikuachie na kitu kidogo kitakachokuokoa usiku. Vitabu vikikataa, usianze kukagua kila mstari. Angalia ile tofauti kwanza. Ikigawanyika kwa 9 bila baki, kuna uwezekano mkubwa umegeuza tarakimu. Tofauti ya 27,000 ukiigawa kwa 9 unapata 3,000, basi tafuta namba ambayo tarakimu zake mbili zinapishana kwa 3, kama 85,000 iliyoandikwa 58,000. Isipogawanyika kwa 9, igawe kwa 2. Tofauti ya 14,500 nusu yake ni 7,250, tafuta 7,250 iliyokaa upande usio wake. Na kama tofauti ni sawasawa na kiasi fulani unachokikumbuka, basi hukukiandika kabisa, au umekiandika mara mbili.

Ubandike pia tarehe ukutani. Tarehe 7 ni PAYE (kodi ya mishahara) na kodi ya zuio za mwezi uliopita, tarehe 20 ni VAT kwa waliosajiliwa. Kwa wanaofunga mwaka Desemba, awamu za kodi ya mapato ni mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Mimi hukumbusha wateja siku tano kabla. Mtu anayekumbushwa mapema haamini kama wewe ni mgeni wa kazi.

#8 MizaniYaKariakoo

Marahaba LejaMpya. Nimefurahi ulirudi kwa yule mama. Ulipopita duka lake mara ya kwanza ukarudi, hapo ndipo ulipoanza kazi.

Malipo. Usipange bei kwa kumtazama mtu sura wala kwa kusikia jirani anatoza ngapi. Mwezi wa kwanza andika saa zote unazotumia kwa kila mteja, pamoja na za njiani. Hesabu na miamala. Saluni inaweza kuwa na miamala sitini kwa mwezi, duka la vifaa vya ujenzi likawa na mia tisa. Huwezi kuwatoza sawa. Baada ya mwezi kaa na kila mmoja, mwonyeshe: kazi yako ilichukua saa hizi, kwa hiyo kila mwezi itakuwa kiasi hiki, kinalipwa tarehe fulani. Anayekupa "chochote" leo atakulipa "baadaye" kesho. Mimi nilianza na 80,000 kwa duka moja, wakati kazi yake ilikuwa ya 200,000, na iliniuma zaidi kwa sababu nilianza kuichukia kazi ya mtu asiye na kosa.

Kisha muandikiane karatasi moja, kwa Kiswahili, kurasa mbili zikizidi. Wewe utafanya nini: kuandika vitabu, kusuluhisha benki na simu, kumpa taarifa ya mwezi kabla ya tarehe uliyotaja. Yeye atafanya nini: kukupa risiti zote kila Jumamosi, kuandika anachochukua. Na usichofanya. Andika hapo kwamba hukagui hesabu wala hutii saini hesabu zilizokaguliwa, hiyo ni kazi ya CPA mwenye leseni ya ofisi, na kumwakilisha mbele ya TRA ni kazi ya mshauri wa kodi aliyesajiliwa. Wewe jisajili NBAA kwenye daraja lako la fundi hesabu na ujitambulishe kwa daraja hilo hilo. Kujua mpaka wa kazi yako kunakupa raha ambayo huwezi kuipata kwa kusoma vitabu vyote vya kodi vilivyopo.

Hili naliandika kwa herufi kubwa moyoni mwangu, naomba uliandike na wewe: USISHIKE PESA YA KODI YA MTEJA. Atakuja siku moja amechoka, atakwambia "shika hii laki tano ukanilipie." Kataa kwa heshima. Toa kumbukumbu namba ya malipo, umpe, alipe mwenyewe kwa simu au benki, akutumie risiti uingize kwenye kitabu. Nimewajua watu wawili waliokuwa wazuri kazini, wakashika pesa ya kodi, mtoto akaugua, wakasema nitairudisha kesho. Hawapo tena kwenye kazi hii, na hawakuwa wezi walipoanza.

La droo, FremuYaMwanjelwa ameshasema vizuri kuliko mimi. Nyongeza yangu: mshauri kijana ajipangie kiasi cha kujilipa kila wiki, kiwe kwenye namba yake ya simu, si ile ya lipa namba ya duka. Akishakuwa na chake, mkono wake utapunguza safari za kwenye droo.

#9 LejaMpya (wiki sita baadaye)

Wakuu, nimerudi kutoa mrejesho, maana mlinipa muda wenu bure.

Tarehe 1 nilikuwa kwa kijana wa vifaa vya ujenzi saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Tulihesabu stoo mpaka saa nne, yeye anataja, mimi naandika. Tulikuta mifuko 11 ya saruji iliyoganda nyuma kabisa, hakujua kama ipo. Alikuwa ananunua mingine juu yake. Akasema hajawahi kuhesabu duka lote tangu afungue.

Mwezi ulipoisha kitabu cha M-Pesa kilikataa. Taarifa ya simu ilikuwa juu ya kitabu changu kwa 63,000. Zamani ningefunga kamba. Niligawa kwa 9, nikapata 7,000. Nikaanza kutafuta tarakimu zinazopishana kwa saba, nikaikuta ukurasa wa nne: fundi mmoja alilipa deni 92,000, mimi nimeandika 29,000. StooKuu, nilikuwa peke yangu chumbani na nikapiga makofi. Pesa ya droo ilibaki na tofauti ya 1,500 na sikuipata. Nimeiandika kama ilivyo na nikamwonyesha mwenye duka. Akacheka, akasema hiyo ni maandazi yake.

Na alikuja kweli amekunja uso, dada Mizani, karibu kwa maneno uliyoyasema, "mzigo wote huu na pesa siioni". Tulikaa kwenye kaunta, tukafanya ile hesabu kwa namba zake. Alinyamaza muda mrefu, akaniuliza, "Kwa hiyo nipunguze kuagiza mabati?" Nikamwambia tuangalie mabati yametoka mangapi kwa mwezi na yaliyopo yatamtosha miezi mingapi. Yanatosha miezi mitatu. Hajaagiza tena. Tumesaini karatasi yetu, na nimepata CPA wa kunipitia, mama mmoja ana ofisi karibu na Msamvu.

Aliyebaki ni bwana wa duka la dawa. Ana wafanyakazi wanne, jumla ya mishahara ni milioni 1 kwa mwezi, na hajawahi kuwapeleka NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, hata mmoja. Nilipoanza kulitaja alisema, "Hayo tuyaache, wewe andika mauzo." Mwezi uliopita ningeyaacha. Nimekwisha pima: asilimia 20 ya NSSF ni 200,000 kwa mwezi, nusu yake inaweza kukatwa kwenye mishahara yao, na WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, ni 5,000. Nimeandika kwenye karatasi moja, na chini nimeandika kwamba asipoanza, sitaweza kuendelea na vitabu vyake. Kesho saa kumi jioni nakwenda. Ni mteja anayenilipa vizuri kuliko wote.

#10 MizaniYaKariakoo

Nenda wakati duka halina watu. Anza na hiyo 200,000, usianze na sheria. Na ujue kabla hujaingia kama kweli uko tayari kuondoka, kwa sababu atakuangalia usoni aone hilo tu.

Ukitoka tuandikie, hata kama ni saa sita usiku.